Kamera ni ya Mrithi, Sura ni za Wenyewe

Mpiga picha wa soko anapozeeka, watoto na wajukuu huanza kuulizana nani atachukua kamera. Swali hilo linaeleweka, kwa kuwa kamera ndicho kitu kinachoonekana: ina uzito wa chuma, ina jina la Kijapani au la Kirusi kipajini, na siku hizi yeyote mwenye simu anaweza kupekua bei yake kabla mzee hajafumba macho. Mitunguu, kule Imenti Kusini, ambako barabara inateremka kutoka Nkubu kuelekea Tharaka ikipita kati ya mashamba ya ndizi, ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili. Mradi wa umwagiliaji wa miaka ya 1980 uliliinua soko hilo, na soko linaloinuka huhitaji picha: za harusi, za ubatizo, za kufunga shule, za kitambulisho, za kijana aliyeuza mazao yake ya kwanza akanunua suti. Waliozipiga picha hizo sasa ni wazee, na wengine hawapo tena. Ninalodai ni kwamba familia zao zinapogombea kamera zinagombea makapi. Mali halisi ni negativu, daftari la wateja, na kile anachokikumbuka mzee kuhusu nani ni nani. Mali hiyo, tofauti na shamba, ikigawanywa hufa.

Tuanze na kamera ili tumalizane nayo. Zilizoingia mikononi mwa wapiga picha wa namna hii ni zile zilizosifiwa kwa kuwa imara na nafuu: Yashica za aina mbalimbali, Zenit za Kisovieti, Pentax K1000. Zenit-E zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu, na K1000 nazo zikapita milioni tatu kati ya 1976 na 1997. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni si adimu, hata kikiwa cha zamani kiasi gani. Halafu kuna hali yake. Mitunguu iko chini kuliko Nkubu na joto lake ni kali zaidi, na lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi kwa miaka ishirini huota ukungu ambao, ukishaukwangua utando wa kioo, hautoki. Sponji nyembamba zinazozuia mwanga kwenye mlango wa nyuma huoza zikawa utomvu mweusi. Kamera zilizotegemea betri ndogo za zebaki, kama Yashica Mat-124G, hazipati tena betri zilizoundiwa, kwa kuwa nchi nyingi zilianza kuzipiga marufuku miaka ya 1990. Kamera bado inafyatua, ila kipimamwanga chake hakiaminiki. Ni kweli kwamba filamu imerudi kupendwa. Kampuni ya Ricoh ilitoa Pentax 17, kamera mpya kabisa ya filamu, mwaka 2024, na mijini wapo vijana wanaozisaka kamera za babu zao. Mjukuu anayetaka kujifunza na apewe, tena apewe kwa moyo mweupe. Asidanganywe tu kwamba amerithi utajiri, maana gharama ya fundi inaweza kulingana na bei ya kamera yenyewe. Jambo moja tu nitalisisitiza hapa: kabla mtu hajafungua mlango wa nyuma, azungushe taratibu kitufe cha kurudishia filamu. Kikikaza, ndani mna filamu, na huenda ndiyo ya mwisho aliyoipiga mzee.

Negativu hazina mvuto huo. Zimejikunja ndani ya bahasha, zimetiwa kwenye mkebe wa biskuti au sanduku la viatu, na anayezitazama kwa mara ya kwanza huona watu weusi waliogeuka weupe. Ndiyo maana huchomwa pamoja na takataka siku ya kusafisha chumba cha marehemu. Ili kuona kinachopotea siku hiyo, yafaa tukumbuke ni nani waliowapiga Wameru picha kabla ya wapiga picha wa soko. Wamishonari wa Kimethodisti walifika Kaaga mwaka 1912, wale wa Kanisa la Scotland wakaanzisha Chogoria mwaka 1922, na maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa na kamera zao. Karatasi za misheni ya Kimethodisti zinatunzwa katika chuo cha SOAS, London, na za misheni ya Scotland katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh, katika vyumba ambavyo joto na unyevu hupimwa. Sina ugomvi na utunzaji huo. Laiti nasi tungekuwa nao. Lakini picha za misheni zilipigwa ili mfadhili wa mbali aone kazi inavyoendelea, na aliyepigwa hakuulizwa asimame vipi. Kwa mpiga picha wa soko mambo yalikuwa kinyume. Mteja alichagua nguo, akachagua wa kusimama naye, akaazima saa au redio akitaka, akalipa, na picha isipompendeza alilalamika. Kwa hiyo mkusanyiko wa mpiga picha mmoja wa Mitunguu ni ushahidi wa jinsi watu wa pale walivyotaka kuonekana, na sijui hazina nyingine ya karne iliyopita inayolionyesha hilo moja kwa moja hivyo. Kipimo chake kidogo hupatikana kwenye programu ya mazishi. Bibi aliyeishi miaka themanini huchapishwa jaladani kwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa hadi sura ikatawanyika, kwa sababu jamaa hawakupata nyingine. Mara nyingi nyingine ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye mkebe wa mtu mwingine.

Historia ya eneo letu inaunga mkono hoja hii kuliko tunavyodhani. Priya Ramrakha, mpiga picha wa habari aliyezaliwa Nairobi, aliuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwezi Oktoba 1968. Picha zake zilikaa kwa miongo kadhaa ndani ya gereji Nairobi hadi jamaa yake, Shravan Vidyarthi, alipozitoa vumbi, na mwaka 2018 kikatoka kitabu kizima cha kazi zake. Uganda, kumbukumbu za mpiga picha Deo Kyakulagira zilibaki mikononi mwa mwanawe, na kwa kuwa zilibaki kwa mtu mmoja aliyezijua, mradi wa History in Progress Uganda uliweza kuzitengenezea kitabu. Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelea chini ya mwanawe Rohit, na picha za Mji Mkongwe za kabla ya mapinduzi ya 1964 zikabaki mahali ambapo mwenyeji anaweza kuingia akaziulizia. Katika visa vyote vitatu hakuna kamera iliyoleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni kwamba alikuwepo mtu mmoja, wa damu au wa karibu, aliyezishika negativu bila kuzitawanya. Wala tusifikiri kwamba hili ni jambo la majina makubwa pekee. Ukubwa wa Ramrakha ulijulikana kikamilifu baada ya gereji kufunguliwa, na kabla ya hapo masanduku yale yalikuwa mzigo kama mzigo mwingine.

Sasa sheria, ambayo hapa ina busara kuliko sifa yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema kwamba mtu akifa bila wosia akaacha mwenzi mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani na vitu vya matumizi binafsi ni vya mwenzi moja kwa moja, na mali iliyobaki ataitumia maisha yake yote kabla haijaenda kwa watoto. Lakini katika kufafanua vitu hivyo vya nyumbani, kifungu cha 3 kinaondoa chochote kilichohusiana na biashara au kazi ya marehemu. Basi kamera ya baba aliyepiga picha za familia kwa kujifurahisha ni ya mjane, na kamera ileile ikiwa ya mpiga picha wa kazi inaingia katika fungu la mali iliyobaki pamoja na negativu zake. Kifungu cha 45 kinakataza mtu yeyote kuigusa mali ya marehemu kabla ya kuruhusiwa kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Kijana anayeondoka na mkoba wa kamera jioni ya mazishi huenda hajui kwamba amejiingiza humo, na sidhani kama kuna chifu atakayemfuata kwa ajili ya Zenit. Ila kanuni ni ileile inayomzuia kuuza ng'ombe.

Utata unazidi tukifika kwenye picha yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaanza kwa kumpa haki aliyeitengeneza kazi, kisha inaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama walipatana vingine. Nani alipatana vingine na mpiga picha wa Mitunguu? Maharusi walimwita, wakamlipa, wakaondoka na picha zao. Kwa mantiki ya sheria hiyo, kipande cha filamu ni cha mpiga picha na kwa hiyo ni cha warithi wake, ilhali haki ya kuitoa picha nakala na kuichapisha, kwa miaka 50 ambayo sheria inaipa picha, iko kwa maharusi au watoto wao. Hili si jambo la nadharia. Mwaka 2007 mjini Chicago, John Maloof alinunua mnadani shehena ya negativu za Vivian Maier, yaya aliyepiga picha maisha yake yote bila kujulikana. Maier alifariki mwaka 2009, umaarufu ukaja baada yake, na kufikia mwaka 2014 suala la nani mwenye hakimiliki lilikuwa limefika katika mahakama ya kaunti ya Cook, kwa sababu kununua filamu hakukuwa kununua haki. Kwa hiyo mrithi wa mpiga picha wa soko anapokea kitu cha ajabu kidogo: anamiliki plastiki ambayo sehemu kubwa ya thamani yake ni ya watu wengine. Hali hiyo inaitwa kushika amana, na ndiyo sababu nasema anayefaa kuzirithi negativu si lazima awe yule anayezipenda kamera. Anayefaa ni yule asiyechoka kubishiwa hodi.

Hapa mtu atanipinga kwa haki: baba alitoa jasho, alinunua filamu kwa pesa yake, alibeba mitungi ya dawa hadi chumba cha giza, na sasa unawaambia watoto wake kwamba wao ni walinzi tu wa mali ya jirani? Sisemi hivyo. Biashara ya picha tangu mwanzo ilikuwa na sehemu mbili, kupiga na kutoa nakala, na hiyo ya pili haikufa na mzee. Anayekuja kutafuta picha ya mama yake ya mwaka 1984 atalipa kwa furaha gharama ya kuitafuta, kuisafisha na kuichapisha, na malipo hayo ni halali kabisa, kwa kuwa anayeagiza ni mwenye haki na anayelipwa ni mwenye filamu. Kinachoharibu ni kuuza mkusanyiko kwa jumla. Mnunuzi wa mbali anayetaka sura za Kiafrika za zamani kwa ajili ya ukuta wa mkahawa au soko la sanaa hanunui historia ya Mitunguu. Ananunua mapambo, na huchagua kumi zinazopendeza akazitupa elfu zilizobaki. Hata pale ambapo mnunuzi ni mtu wa maana, mambo hayanyooki. Seydou Keïta wa Mali, ambaye huenda ndiye mpiga picha wa studio maarufu kuliko wote barani, alifariki mwaka 2001, na negativu zake zilizokwenda Ulaya zikawa chanzo cha mzozo mrefu wa kisheria Ufaransa.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha, na hili silijibu kwa wepesi. Mteja aliyepigwa picha mwaka 1988 akiwa na mtu ambaye hakumwoa hakukubali picha hiyo iwekwe Facebook na mjukuu wa mpiga picha. Wapo waliozaa nje, wapo waliohama kanisa, wapo waliobadili jina, wapo wanawake waliokimbia ndoa na wangependa wasionekane tena wakiwa pembeni ya mwanamume yule. Mpiga picha wa soko alijua mengi na alinyamaza. Kunyamaza kulikuwa sehemu ya kazi yake sawa na kupima mwanga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imelipa jambo hili meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo nakubali kwamba shauku ya kutia kila kitu mtandaoni, ambayo ndiyo huwajia vijana kwanza, ni kosa. Ila pingamizi hili linapinga kutangaza, halipingi kutunza. Mrithi anaweza kuzihifadhi zote asitangaze hata moja, akafuata kanuni kwamba aliyepigwa, au familia yake kama hayupo, ndiye wa kwanza kuulizwa. Kuchoma picha zote ili kulinda siri za wachache kunawanyima wale wengi ambao siri yao pekee ilikuwa suti ya kuazima.

Wako watakaosema hizi ni kazi za serikali. Tuna Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Tuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Waende huko. Sikatai, na nakala ziende. Lakini hifadhi yoyote ikipokea sanduku lisilo na majina imepokea nyuso tu. Tazama kilichotokea katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, ambako mwaka 2015 negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin, zilikutwa ndani ya kabati. Watafiti waliweza kuzifanyia kazi, na mwaka 2019 kukawa na maonyesho katika makumbusho ya Kampala, kwa sababu bahasha zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio. Negativu za Mitunguu zina namba ya risiti ikiwa tuna bahati, na namba hiyo inafunguka kwa daftari, na daftari linafunguka kwa kichwa cha mzee. Hakuna mtunza nyaraka wa Nairobi atakayetambua kwamba huyu aliyevaa kofia ni fundi mifereji wa kwanza wa mradi, au kwamba mapacha hawa ni wa ukoo gani. Kazi ya majina ni ya nyumbani, na ni ya sasa.

Ni ya sasa kwa sababu filamu nayo inazeeka. Filamu nyingi za miaka hiyo zina uti wa asetati, na vipimo vya Image Permanence Institute ya Marekani vinaonyesha kwamba katika nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50, asetati mpya hudumu takriban miaka 40 kabla haijaanza kuoza. Chini ya mabati ya Mitunguu hakuna nyuzijoto 21. Inapooza hutoa harufu ya siki, hujikunja, na mvuke wake huziambukiza za jirani. Zinazonuka zitengwe na ziwe za kwanza kunakiliwa. Rangi hufifia kabla ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo picha za miaka ya 1990 zinaweza kupotea kabla ya zile za 1970, jambo ambalo watu hawalitarajii. Mahali pabaya kuliko pote ni juu ya dari, na mkebe wa bati uliofungwa kabisa si rafiki kama unavyoonekana. Bahasha za karatasi, chumba cha chini chenye ukuta mnene, na mbali na jiko vinatosha kwa kuanzia. Kunakili nako hakuhitaji mashine ya bei: kamera ya kidijitali inayoweza kupiga kitu kwa karibu, na mwanga mweupe uliotulia nyuma ya filamu, hutoa nakala nzuri ya kuchapisha. Lakini kama lazima mtu achague kati ya wikendi ya kunakili na wikendi ya kukaa na mzee akitaja majina kwa Kimeru mbele ya simu inayorekodi, achague ya pili. Filamu inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi.

Inabaki namna ya kukabidhi. Mzee aliyesema miaka mitano iliyopita, mbele ya chai, kwamba kamera ni ya mjukuu fulani, hajaacha wosia. Kwa kifungu cha 9 cha Sura ya 160, wosia wa mdomo unasimama tu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka akafariki ndani ya miezi mitatu. Njia rahisi ni zawadi ya wakati wa uhai: kitu kikabidhiwe mkononi na barua fupi iandikwe. Barua hiyo itenganishe kamera na negativu, kwa kuwa wapokeaji wanaweza kuwa wawili. Iseme kwamba negativu na daftari haviachani, na kwamba mteja akija apewe yake kwa gharama ya kuichapisha. Iseme pia za watoto na za wapenzi zionyeshwe nani. Halafu kuna bahasha ambazo kila studio ilikuwa nazo, za waliolipa nusu wasirudi kumalizia. Sheria ya ukomo wa madai inampa mdai miaka sita tu, hivyo salio la shilingi ishirini la mwaka 1987 halidaiki mahakamani. Hizo mrithi azitoe bure, na aanze nazo, kwa kuwa tayari zimechapishwa na mara nyingi jina la mwenyewe limeandikwa juu.